Siku Sita Kuifuata Orkestra ya Kabaka

Siku ya kwanza, Jumatano: Kitante

Basi la usiku kutoka Nairobi huingia Kampala asubuhi, likishavuka mpaka Busia au Malaba. Ukiteremka, acha mzigo hotelini uchukue bodaboda mpaka Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira. Makumbusho yalianzishwa mwaka 1908, lakini jengo la sasa pale Kitante ni la 1954, enzi za msimamizi aliyeitwa Klaus Wachsmann. Yeye alikuwa mtaalamu wa muziki kwanza, na mtunza makumbusho baadaye. Kati ya 1948 na 1957 alikusanya ala na kurekodi nyimbo za nchi nzima, na ndiyo maana chumba cha ala kimejaa kuliko vyumba vingine.

Wageni wengi wanaouliza habari za orkestra ya taifa ya Uganda huuliza violini ziko wapi. Violini zipo, tutazifikia Jumapili. Ila nchi hii ilikuwa na orkestra ya kifalme, ile ya Kabaka, mfalme wa Buganda, yenye vikosi, zamu na mashamba ya kuwalipa wapigaji wake, kabla violini ya kwanza haijapandishwa kutoka pwani. Anayeanza na violini anaanza hadithi katikati.

Simama kwanza kwenye amadinda. Ni marimba ya mbao 12 nzito za mti wa msambya, zimelazwa juu ya migomba miwili mibichi iliyokatwa siku hiyohiyo au jana yake. Kati ya mbao na mbao huchomekwa kijiti ndani ya mgomba ili mbao zisitembee zinapopigwa. Mgomba ukikauka husinyaa, mbao zinakaa vibaya, na sauti inakuwa butu kama ya kugonga mlango. Kikundi kinachopiga kila siku hubadilisha migomba kila baada ya siku chache. Ukikuta amadinda imewekwa juu ya fremu ya mbao yenye sponji, inapigika, lakini mgomba haujapata mbadala wa kweli.

Wapigaji ni watatu, wameketi pande mbili wakitazamana, na mbao hugongwa kwenye ncha, si katikati. Wa kwanza ni omunazi, anayeanzisha. Wa pili ni omwawuzi, ambaye kila pigo lake linaingia katikati kabisa ya mapigo mawili ya mwenzake. Kila mmoja anapiga mapigo yanayolingana kama saa, karibu 300 kwa dakika, kwa mikono miwili inayopiga noti ileile katika oktava mbili, yaani mkono mmoja sauti ya chini na mwingine sauti hiyohiyo juu yake. Yakichanganyika yanakuwa karibu 600, na hakuna mkono wa mtu mmoja unaoweza mwendo huo kwa muda mrefu. Wimbo mmoja unaweza kuwa na mapigo 24 au 36 kabla haujarudi mwanzo. Zipo za 50 na 70 pia, na hizo humchosha hata mzoefu.

Wa tatu ni omukoonezi. Yeye ana mbao mbili tu, zile nyembamba za juu. Kazi yake ni kusikiliza noti mbili za chini kabisa zinapopigwa, ziwe zimetoka kwa omunazi au kwa omwawuzi, na kuzirudia oktava mbili juu. Hana wimbo wake mwenyewe. Anachopiga kimefichwa ndani ya kazi ya wenzake wawili, naye anakitoa nje. Msikilizaji anayesimama pembeni husikia hasa wimbo huo wa juu, na akiulizwa nani aliupiga, hapati mtu wa kumwonyesha kidole.

Kosa la mwanafunzi ni moja, na hurudia kila mwaka. Omwawuzi mchanga hujihesabu kuwa anajaza nafasi za mwenzake: huyu tu, mimi ta. Akifanya hivyo, mwendo ukikaza kidogo anavutwa, mapigo mawili yanaanza kugongana, na ndani ya mizunguko mitatu wote wanacheka. Dawa yake ni kujifunza sehemu yake peke yake mpaka aisikie kuwa ndiyo pigo lenyewe. Kila mpigaji anatembea kwa mguu wake, na omunazi naye anaamini hivyohivyo. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyeanza kujifunza marimba hizi mwaka 1959 kwa Evalisto Muyinda, mpigaji wa Kabaka aliyekuwa pia akizipiga hapa makumbusho, aliona kwamba huwezi kuulewa muziki huu kwa kukaa na kusikiliza. Sikio linaunganisha kile ambacho mikono imekigawa. Lazima uketi upige.

Siku ya pili, Alhamisi: Mengo na Kasubi

Neno la adabu kwanza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa katiba tangu 2005, na Kampala utakutana nacho sokoni, gereji na kwenye maegesho ya malori. Lakini kwa wazee wengi wa Buganda lugha hii ilikuwa ya kambi za jeshi na ya vizuizi vya barabarani. Ukifika Mengo anza na "Mwasuze mutya, ssebo" (umeamkaje, bwana) au "nnyabo" (bibi), subiri ujibiwe mpaka salamu iishe, ndipo uombe ruhusa ya kuendelea kwa Kiswahili au Kiingereza. Salamu ya Kiganda haikatwi njiani.

Kutoka Bulange, bunge la Buganda, barabara imenyooka mpaka lango la Lubiri, kasri la Kabaka. Ndani ya ukuta huu ndimo orkestra ilimokuwa ikifanya kazi. Haikuwa kundi moja lililopanda jukwaani pamoja. Kulikuwa na abalere wa filimbi, waliopuliza filimbi za saizi mbalimbali pamoja na ngoma. Kulikuwa na amakondere, baragumu za vibuyu. Msomaji wa pwani aikumbuke siwa ya Lamu na Pate, ataelewa mara moja kwa nini baragumu ni mali ya kiti cha enzi, haiwi ya mtu. Kulikuwa na akadinda, marimba kubwa ya mbao 22 na wapigaji sita. Kulikuwa na mpiga ennanga, kinubi cha nyuzi nane, aliyemwimbia Kabaka kwa karibu. Na juu ya wote, Mujaguzo, ngoma za ufalme zenyewe, ambazo si za burudani hata kidogo. Wapigaji walikuja kwa zamu kutoka vijijini mwao, na sanaa ilikaa ndani ya familia zilizoshika kazi hiyo.

Kikosi cha kusimulia kwa urefu ni entenga. Ni ngoma 15. Kumi na mbili zimepangwa kutoka kubwa hadi ndogo na kulinganishwa sauti kama mbao za amadinda. Wanne wanazipiga kwa fimbo ndefu nyembamba, wakicheza wimbo. Tatu zilizobaki ni nzito, zinapigwa na wawili, zinashika mwendo. Nyimbo ni zilezile za marimba, kwa hiyo anayejua okunaga (sehemu ya omunazi) na okwawula (sehemu ya omwawuzi) kwenye mbao ana nusu ya kazi mkononi. Nusu ya pili ni ngozi. Mbao ya msambya ikishachongwa haibadiliki sana. Ngozi inalegea mvua ikinukia na inakaza jua likitoka. Ngoma 12 hazilegei kwa kiasi kimoja, maana ngozi ya ngoma ndogo ina eneo dogo na mvuto mkubwa. Kwa hiyo entenga iliyolingana saa mbili asubuhi, saa sita imeshapotoka. Kuilinganisha ni kazi ya kila siku, na inahitaji mtu anayekumbuka sauti sahihi bila chombo cha kupimia.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilivamia Lubiri. Kabaka Mutesa II alitoroka, akafia London mwaka 1969. Falme zilifutwa mwaka 1967. Wapigaji walitawanyika, na ala nyingi ziliangamia siku ileile. Falme ziliporudishwa mwaka 1993 na Mutebi II kutawazwa, miaka 27 ilikuwa imepita. Kwa mwimbaji wa peke yake miaka 27 inavumilika, kwa sababu wimbo wote uko kichwani mwake. Kwa entenga ni hatari ya kufa kabisa, kwa kuwa wimbo umegawanywa kwa watu sita. Akibaki mzee mmoja aliyeshika sehemu moja, ana kipande tu cha wimbo.

Hapo ndipo rekodi za Wachsmann, na zile za Hugh Tracey, mrekodi mwingine wa muziki wa Afrika, za miaka ya 1950, zinapokuwa na thamani na pia kikwazo. Zinahifadhi sauti, lakini sauti iliyokwisha kuungana. Anayetaka kurudisha wimbo anafuata utaratibu huu: kwanza anatafuta mtu anayejua okunaga, hata kwa mdomo tu. Akiipata, anaipiga juu ya rekodi, na kinachobaki bila mpigaji ni okwawula. Zikipatikana hizo mbili, sehemu ya omukoonezi inajitokeza yenyewe bila kumuuliza mtu. Ukianza na ile ya juu, kwa sababu ndiyo inayosikika vizuri, unakwama, maana mipango mingi tofauti ya chini inaweza kuizaa. Watu wa Chuo Kikuu cha Kyambogo wamefanya kazi ya kuirudisha entenga kwa vijana, na kuwahi wazee wakiwa hai ndiko kulikoiwezesha.

Mchana panda Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliungua tarehe 16 Machi 2010 ikajengwa upya. Wageni hukimbilia paa lake la nyasi. Wewe uliza Ndoga-Obukaba, nyumba ya ngoma iliyo karibu na kuingilia. Ngoma za wafalme zina nyumba, zina walinzi na zina majina. Hazipigwi picha bila idhini, na hazipigwi kwa kujaribu.

Siku ya tatu, Ijumaa: Mpambire

Matatu (huku zinaitwa teksi) za barabara ya Masaka. Mwambie kondakta Mpambire, karibu na Mpigi mjini, akushushe unapoona ngoma zimepangwa kando ya lami. Wazungu wengi hupita hapa kwa kasi wakikimbilia mstari wa ikweta pale Kayabwe. Ni bahati yako, mafundi wanakuwa na nafasi.

Ngoma ya Kiganda inaanza na gogo la mti mwepesi. Linachongwa nje kuwa pana juu na jembamba chini, kisha linatobolewa ndani kwa patasi ndefu. Unene wa ukuta ndio siri: ukuta mnene, ngoma inakuwa nzito na bubu, ukuta mwembamba upande mmoja, itapasuka upande huo. Mzinga hukaushwa kivulini. Fundi mwenye haraka huuanika juani, na ufa unatokea kuanzia mdomoni kwenda chini, wakati mwingine baada ya mnunuzi kufika nyumbani.

Ngozi ni ya ng'ombe, inalowekwa mpaka ilainike, vipande viwili: cha juu na cha chini. Huunganishwa kwa kamba za ngozi zilizosokotwa, zinazoshuka kuzunguka mzinga zikiwa zimebanana kiasi kwamba mti hauonekani. Waswahili tunasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hapa akivutia kwake ngoma inaharibika. Anavuta kidogo, anazunguka hatua moja, anavuta tena, ili mvuto uwe sawa pande zote. Kabla ya kufunga, hutumbukizwa ndani kitu kidogo, moyo wa ngoma, na fundi hakuonyeshi ni nini. Kisha ngoma hukaushwa na ngozi inajikaza yenyewe.

Seti ya kawaida ya ngoma za Kiganda ni nne: embuutu kubwa inayoongoza, empuunyi inayoshika mwendo, nankasa ndogo ya vijiti viwili, na engalabi ndefu kama mwanzi. Engalabi zamani iliwambwa ngozi ya kenge kwa kupigiliwa vijiti mdomoni, na ndiyo inayotoa ule mlio mkavu unaokata juu ya wengine. Mtu akikuuzia leo yenye ngozi ya kenge, iache, mpakani utaulizwa. Ya ngozi ya mbuzi iliyokunwa nyembamba inatosha.

Kabla ya kulipa, gonga katikati, kisha ukingoni sehemu nne. Zile nne zikitofautiana, ngozi haikuvutwa sawa, na haitajirekebisha. Pitisha kidole kwenye mzinga ukitafuta vitundu vya dumuzi na unga mweupe. Nusa. Harufu kidogo ni kawaida, harufu ya kuoza maana yake ngozi haikukauka na funza watakuja nayo.

Siku ya nne, Jumamosi: Busoga

Kilomita 80 mpaka Jinja, ila foleni ya Mukono inaweza kuzigeuza saa tatu. Ondoka kabla ya alfajiri, nyama na gonja za Najjembe kwenye msitu wa Mabira utazila wakati wa kurudi. Baada ya daraja jipya la Nile, lililofunguliwa mwaka 2018, uko Busoga, na makao ya Kyabazinga, mfalme wa Busoga, ni Bugembe, palepale nje ya mji.

Kilichonileta huku ni bigwala. Mwaka 2012 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, wakati wajuzi waliobaki walikuwa wazee wanne. Ni baragumu tano au zaidi za vibuyu virefu vilivyounganishwa, na kila moja inatoa noti moja tu. Wimbo unatokea kwa kupokezana: huyu anapuliza, ananyamaza, yule anadaka, na wote wakizunguka kwa kucheza. Violini ya tatu ikiugua katika orkestra ya watu 60, hakuna atakayejua. Mpuliza bigwala asipofika, wimbo una pengo mahali palepale kila mzunguko, kama mtu aliyeng'oka jino.

Tatizo la kuirudisha halikuwa muziki pekee. Vibuyu vya umbo lile vilikuwa vimeacha kupandwa. Ilibidi mbegu zitafutwe, zipandwe, zisubiriwe msimu, zikaushwe, ndipo mtu aanze kufundishwa kupuliza. Na kibuyu kikikauka sana viungo huvuja, pumzi inapotea, midomo inachoka bure. Humwagiwa maji ndani kabla ya kuanza ili kizibe. Anayepuliza kwa nguvu zaidi badala ya kulowesha anapata kizunguzungu tu.

Ukipata muda pitia kijiji chenye embaire, marimba ya Kisoga. Zile kubwa, kama ya Nakibembe yenye mbao zaidi ya 20, huwekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, na shimo hilo ndilo linaloikuza sauti. Wapigaji hubanana hadi wanane. Noti za chini unazisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Ukiipandisha ile jukwaani, juu ya sakafu ya saruji, umeiua nusu. Maikrofoni haichimbi shimo.

Siku ya tano, Jumapili: violini

Asubuhi Namirembe, kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, lililomalizika mwaka 1919. Muziki wa Kizungu uliingia Uganda kwa milango miwili, kwaya za misheni na bendi za matarumbeta za jeshi na polisi, na nyuzi zikafuata nyuma sana. Joseph Kyagambiddwa, mtunzi Mkatoliki, aligeuza mkondo: mwaka 1964, Mashahidi 22 wa Uganda walipotangazwa watakatifu Roma, oratorio yake (utungo mrefu wa kidini wa kwaya) ilisimama juu ya mitindo ya Kiganda na ngoma zake. Miaka miwili kabla ya hapo, George Kakoma alitunga wimbo wa taifa, mfupi hivi kwamba bendi huurudia ili wageni wapate muda wa kusimama wima.

Mtu anapotaka kuunganisha orkestra ya nyuzi na amadinda, kwa kawaida hugundua tatizo siku ya mazoezi, wakati limeshachelewa. Oktava hupimwa kwa senti 1,200 (si za fedha). Piano inaigawa vipande 12 vya senti 100. Marimba ya Kiganda inaigawa vipande vitano vinavyokaribiana, yaani kama senti 240 kila kimoja. Noti ya pili ya marimba iko 240, na piano ina 200 au 300, hakuna katikati. Noti ya tatu ni 480 dhidi ya 500, inapita. Ya nne 720 dhidi ya 700, inapita. Ya tano 960 dhidi ya 900 au 1,000, inauma tena. Na kila seti ya marimba ina mwanzo wake, haijui la ya 440, sauti ya kulinganishia ala za Kizungu, ni nini.

Wengine huichonga marimba upya ili ifuate piano. Inawezekana: ukikwangua chini katikati ya mbao, sauti inashuka, ukipunguza ncha, inapanda. Lakini ukishaichonga umepoteza wimbo, kwa sababu ile sehemu ya omukoonezi inasikika kwa vile hatua zote zinalingana, na hakuna noti inayojifanya kubwa kuliko nyingine. Njia bora ni kuiacha piano na filimbi za chuma zipumzike, na kuwaambia wapiga nyuzi wafuate mbao. Violini haina vituo shingoni, kidole kinaweza kukaa 240. Mtunzi wa Uganda, Justinian Tamusuza, alikwenda mbali zaidi kwa kuandikia ala nne tu za nyuzi (kwartet) na kuzifanya zipokezane kama wapigaji wa marimba. Kwartet ya Kronos ya Marekani iliirekodi kazi hiyo kwenye albamu ya mwaka 1992.

Nyuzi zenyewe zina shida zao hapa. Misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, huvimbisha mbao na vigingi vinagoma kuzunguka. Kiangazi kikija vinateleza, na gundi ya mbavuni inaachia. Ikiachia gundi ni afadhali kuliko mbao kupasuka, ndiyo maana fundi mwelewa hatumii gundi kali ya dukani.

Jioni nenda Ndere, Ntinda, kundi lililoanzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984. Ngoja adungu za Waalur wa West Nile. Vinubi hivyo hutengenezwa saizi kwa saizi, kutoka kidogo cha kupakata hadi kikubwa kinachosimama chini na mpigaji akisimama nacho, nyuzi zikiwa za nailoni ya kuvulia samaki. Familia ya violini, viola, selo na besi imekaa hapo mbele yako bila mtu kuiagiza Ulaya.

Siku ya sita, Jumatatu: njiani

Ngoma ya Mpambire usiiweke buti la basi upande wa injini. Joto la usiku mmoja linaikaza mpaka kamba zinakata ngozi. Ifunge kwa kanga, iweke juu, mdomo ukiangalia pembeni, risiti ya fundi mfukoni kwa ajili ya forodha. Ukiishi Mombasa au Tanga, italegea wiki ya kwanza. Iweke jua la asubuhi dakika kumi kabla ya kupiga, kisha iondoe.